Jibu: Kupe wa Amani na hofu ya ugonjwa wa Lyme

Mkuu, umeuliza kama kupe uliyemtoa mguuni baada ya kutembea msitu wa Amani kule Tanga anaweza kukuachia ugonjwa wa Lyme uliousoma mtandaoni. Punguza presha. Huo ni wa Marekani na Ulaya zaidi, hata jina limetokana na mji wa Lyme kule Connecticut. Alama yake ni wekundu unaotanuka polepole kwenye ngozi, siku 3 hadi 30 baada ya kuumwa.

Sisi tuna ya kwetu. Kuna homa ya kupe: pale alipouma panabaki kidonda chenye kigaga cheusi, kichwa kinagonga, mitoki inavimba. Papasi, jamii ya kupe wa nyumba za udongo, ni habari nyingine, huyo huuma usiku na homa yake huondoka kisha ikarudi.

Mimi nilimkuta kupe mmoja nyuma ya goti nikitoka kwenye malisho ya mjomba huko Pongwe. Nilidhani chunjua, hadi nilipoona miguu inachezacheza! Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma kwa kiberiti, ingawa wazee walitufundisha hivyo. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu bila kumzungusha, kisha nawa kwa sabuni.

Ukipata homa ndani ya wiki mbili hizi nenda kituo cha afya. Kipimo cha malaria kikitoka hasi usirudi nyumbani kimya, mwambie daktari uliumwa na kupe. Dawa ipo, doksisaiklini, ila aandike yeye.