Mke wa Cézanne alikuwa amenuna?

SWALI: Mhariri, salaam. Nyumbani kwa shangazi yangu kuna kalenda ya zamani yenye picha ya mwanamke aliyeketi kwenye kochi jekundu, mikono ameikutanisha mapajani, uso umekazana kama wa mtu aliyetoka kugombezwa. Maelezo yanasema ni mke wa mchoraji Paul Cézanne. Je, ndoa yao ilikuwa mbaya kiasi hicho? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, picha hiyo ilichorwa yapata mwaka 1877 na leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Boston, Marekani. Mwenye sura hiyo ni Hortense Fiquet, aliyezaliwa mwaka 1850 mashariki mwa Ufaransa na kufanya kazi ya kujalidi vitabu mjini Paris, ambako alikutana na Cézanne akiwa na umri wa miaka 19 hivi.

Dhiki ilikuwapo, ila chanzo chake kilikuwa ukweni. Baba yake Cézanne alikuwa tajiri mwenye benki huko Aix, kusini mwa Ufaransa, na kwa kuwa mwanawe aliishi kwa posho yake, Hortense alifichwa miaka mingi pamoja na mtoto wao aliyezaliwa Januari 1872. Mwaka 1878 mzee alifungua barua isiyo yake, akasoma humo habari za “Madame Cézanne” (yaani Bibi Cézanne) na mtoto, akaipunguza posho. Ikabidi rafiki wa Cézanne, mwandishi Émile Zola, awe anamtumia Hortense faranga 60 kwa mwezi ili mama na mtoto wapate kula. Ndoa ilifungwa Aprili 1886, mtoto akiwa na miaka 14. Baba mkwe akafariki Oktoba mwaka huohuo.

Hata hivyo, nisingemhukumu Hortense kwa uso wa kwenye kochi. Cézanne alichora polepole mno. Mfanyabiashara wa picha Ambroise Vollard, aliyechorwa naye mwaka 1899, alisimulia kwamba alikaa mara 115, na alipojitikisa alikemewa akae kama tofaa, kwani tofaa halitikisiki. Jaribu wewe, msomaji, kutabasamu kwa saa tatu bila kuhama. Tabasamu litageuka maumivu ya mashavu. Hortense alichorwa hivyo katika picha 29 za rangi ya mafuta zinazojulikana, kwa muda wa miaka 20 hivi, wala mchoraji hakuwa akitafuta furaha au huzuni yake, bali namna rangi ya shavu inavyokutana na rangi ya ukuta. Ile ilikuwa kazi, na kwa maoni yangu ni kazi ambayo wengi walioandika juu ya Cézanne hawakumhesabia, wakabaki kumwita mkavu.

Iko karatasi nyingine ambayo ningependa uione kabla hujakata shauri. Mnamo mwaka 1885 Cézanne alimchora kwa penseli akiwa ameegemeza kichwa kwenye mto, macho yamefumbuka, amelegea kabisa. Kando ya uso huo akapaka rangi za maji ua na majani yake ya kijani. Ua hilo kwa Kifaransa huitwa hortensia.

Ni kweli kwamba baadaye waliishi mbalimbali, yeye Paris na mume Aix, hadi Cézanne alipofariki mwaka 1906. Hortense alifariki mwaka 1922.