Una viza ya mwanafunzi (F-1) na unataka bastola Texas? Soma hapa kabla ya Jumamosi

Mkuu, usiende kuichukua hiyo bastola.

Nimesoma maswali yako yote manne: ununue ya aina gani, Texas inataka leseni ya kubeba au haitaki, nani ana hoja kwenye ugomvi wa Wamarekani kuhusu silaha, na kama Tanzania nayo ingefaa iweke haki hiyo kwenye katiba. Lakini katikati umepitisha kwa haraka kwamba upo Houston kwa F-1, na kuna Mtanzania mwenzetu atakuuzia yake Jumamosi, mkono kwa mkono, "bila makaratasi". Hapo moyo umenipasuka. Mimi nilinunua hivyo hivyo, jimbo hilo hilo, kwa viza hiyo hiyo, na mpaka leo nalipa.

Sheria ya shirikisho, kifungu 922(g)(5), inamkataza mtu aliyeingia Marekani kwa viza ya muda kuwa na bunduki au risasi. F-1 imo. J-1, ya mabadilishano ya masomo, imo. H-1B, ya kazi, yenye mshahara mnono, imo. Na haisemi kununua peke yake, inasema kuwa nayo. Ukikodishiwa kwenye uwanja wa shabaha ukapiga risasi mbili upate picha ya kuwatumia washikaji, umekuwa nayo. Adhabu ilikuwa hadi miaka 10 jela, na tangu 2022 imepandishwa hadi 15.

Najua utakachojibu, kwa sababu ndicho nilichoambiwa na mimi: "Texas mtu wa miaka 21 anabeba bila leseni." Ni kweli, sheria hiyo ilianza tarehe 1 Septemba 2021. Ila inamhusu mtu ambaye hakukatazwa na sheria nyingine, ya jimbo au ya shirikisho. Wewe umekatazwa. Watu wanaipaza ile nusu ya kwanza kwenye video na kwenye nyama choma, nusu ya pili hawaifikii.

Sasa sikiliza ilivyokuwa kwangu. Aliyeniuzia ni mtu mzima, ana Green Card (kibali cha ukaaji wa kudumu), mtu wa kuheshimika kwenye jumuiya yetu, misiba yote anaongoza yeye. Nilimuuliza waziwazi: kaka, mimi mwanafunzi, naruhusiwa? Akacheka, akasema katiba ya huku inampa haki ya kuwa na silaha kila aliyekanyaga ardhi yao, Marekebisho ya Pili, ya mwaka 1791, kasome. Nikasoma kweli. Nikasoma na kesi ya Heller ya 2008, Mahakama ya Juu ya Marekani iliposema haki hiyo ni ya mtu binafsi na si ya wanamgambo peke yao. Nikaona nimeelewa. Ila katika hukumu hiyo hiyo majaji wameandika kwamba haki hii ina mipaka, na mkato mmoja wa YouTube niliouona haukuigusa sehemu hiyo.

Tuliokulia nyumbani tunajua silaha ni kibali. Unaanzia serikali ya mtaa, unapita kamati za usalama, unakwenda polisi, kila mlango unaulizwa wewe ni nani na unaitakia nini. Ukifika mahali panapoitwa haki, ukakuta hakuna anayekuuliza kitu, unadhani kutoulizwa ndiyo ruhusa.

Siku moja nikasimamishwa barabarani kwa taa ya nyuma iliyokufa. Kwa adabu zote nikamwambia askari kuna bastola kwenye gari, kwa sababu nilifundishwa kwamba ndivyo mtu mwema anavyofanya. Akaomba leseni ya udereva. Mkuu, toa yako uiangalie sasa hivi: ya mgeni wa muda huku Texas imeandikwa "Limited Term". Aliyaona hayo maneno, akarudi kwenye gari lake, akakaa muda mrefu. Bastola ikachukuliwa. Baadaye wakaja nyumbani watu wawili wa serikali ya shirikisho, wapole kabisa, wakiuliza niliipata kwa nani.

Sikufungwa. Wakili alihangaika mpaka mwendesha mashtaka akaamua kutofungua kesi, na fedha za wakili zilitoka kwenye kiwanja ambacho baba alikuwa ameninunulia. Lakini viza yangu ilifutwa. Viza ikifutwa ukiwa ndani unaweza ukaendelea na masomo, ila ukitoka, kurudi ni kuomba upya kwa watu wenye faili lako mezani. Baba akaugua, akafariki, nikamzika kwa simu. Wadogo zangu walishika ile simu juu ya kaburi na mtandao ukawa unakatika. Hiyo ndiyo bei, mkuu, na haimo kwenye zile dola mia nne unazotajiwa.

Na huyo mzee wetu? Sheria hiyo hiyo inamkataza muuzaji kumuuzia mtu iwapo anajua, au ana sababu ya kuamini, kuwa mtu huyo amekatazwa. Alijua. Nilimwambia kwa mdomo wangu. Alipoona mambo yamechafuka akaacha kupokea simu, akaendelea kuwashauri vijana wapya wanaoshuka uwanja wa ndege. Kama anayekuuzia anazijua sheria za silaha kama anavyojisifu, mwambie akuandikie kwenye karatasi, na jina lake chini, kwamba anamuuzia mtu wa F-1. Utaona kalamu inavyokosa wino.

Umeuliza nani ana hoja. Nitakujibu kipande kimoja tu, kile kinachonihusu. Duka lenye leseni ni lazima likujazishe fomu 4473, inayouliza wazi kama uliingia kwa viza ya muda, kisha lipitishe jina lako kwenye mfumo wa ukaguzi uliopo tangu 1998. Kudanganya kwenye fomu hiyo ni kosa jingine la jinai. Mtu binafsi akikuuzia hapa Texas, halazimiki kufanya ukaguzi huo. Wapo wanaosema kuulazimisha kwa kila mauzo ni kuwaonea raia wema. Mimi nasema fomu ya dakika kumi ingenirudisha nyumbani mikono mitupu, na ningemzika baba yangu kwa mikono yangu. Kwenye jambo hilo hakuna atakayenibadilisha mawazo.

Kuna atakayekuja hapa chini kusema "mimi sikujua sheria" ni utetezi, na atataja kesi ya Rehaif. Huyo alikuwa mwanafunzi kutoka Falme za Kiarabu, akafukuzwa chuo huko Florida kwa sababu ya masomo, hadhi yake ya uhamiaji ikafa, akaenda uwanja wa shabaha, akahukumiwa miezi 18. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikasema, majaji 7 kwa 2, kwamba serikali lazima ithibitishe mshtakiwa alijua yuko kwenye kundi lililokatazwa. Alijua hadhi yake, mkuu, si alijua sheria. Wewe umeandika hadharani kwamba una F-1. Kwa hoja hiyo umeshajifungia mlango.

Mwingine atakutajia leseni ya uwindaji. Hiyo kweli ipo: mwenye viza ya muda akiwa na leseni hai ya kuwinda iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani, katazo la viza linamwondokea. Lakini lazima iwe hai. Ya mwaka ya Texas huisha tarehe 31 Agosti, na asubuhi yake silaha iliyo kabatini imekuwa kosa. Halafu haimwokoi aliyepoteza hadhi yake. Ukishindwa ada, ukaacha masomo, chuo kikafunga rekodi yako ya uhamiaji, leseni ya kuwinda haina kazi tena. Mwanafunzi gani wa kwetu hajawahi kuchelewa ada? Mimi nisingeupita mlango huo bila wakili kuniandikia kwanza.

Sheria yangu ni hii: soma hadhi yako ya uhamiaji kabla ya kusoma sheria ya silaha, na ukipata Green Card usiache kuisoma. Mwenye Green Card anaruhusiwa kumiliki, lakini hukumu ya kosa la silaha, hata dogo, inaweza kumfukuzisha nchini hata kama ameishi miaka ishirini na watoto wamezaliwa huku.

Na kama umeandika "Jumamosi" ilhali tayari iko chini ya godoro, usiandike zaidi hapa, wala usiibebe mwenyewe kwenda kituoni. Tafuta wakili wa jinai anayefanya kazi pamoja na wa uhamiaji, kwa sababu wa jinai akiwa peke yake anaweza kukushauri ukiri kosa "upate adhabu ndogo", na adhabu hiyo ndogo ikakupandisha ndege. Tangu kesi ya Padilla ya 2010 wakili analazimika kukueleza kama kukiri kutakufukuzisha. Muulize hilo siku ya kwanza, kabla hujasaini chochote, na akibabaika toka ofisini kwake utafute mwingine.