Ndege haikuniongezea akili

Mdogo wangu, ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Unasema: "Kaka, fundi ni fundi. Hapa Kibirizi, Kigoma, ulikuwa ukifungua injini ya boti kwa elfu kumi na tano, huko Ujerumani saa moja unapata hela yangu ya siku tatu. Wazungu wana nini?" Halafu ukamalizia kwamba unataka kuuza shamba la michikichi la mama kule Simbo upate nauli. Nimeona nikujibu kwa maandishi, na wengine wa ukoo wasome.

Ndege haikuniongezea akili. Mikono niliyotua nayo Bremen ndiyo ile ile uliyoizoea, na mwaka wa kwanza iliishia kupanga maboksi ghalani kwa kima cha chini, maana cheti changu cha ufundi hapa hakikuhesabika. Nikasoma Kijerumani usiku, kisha nikaingia mafunzo ya ufundi mitambo, miaka mitatu na nusu, siku nyingine darasani, siku nyingine karakana. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, naketi na vijana wa kumi na saba. Iliniuma, lakini ndiyo iliyobadilisha mshahara wangu.

Sasa nikuonyeshe kazi yenyewe. Jumanne niliitwa kwenye pampu. Ilikuwa bado haijafa. Kuna kifaa kinachopima mtikisiko wake, kikatoa taarifa wiki moja kabla. Nikaelekeza simu ya kazini kwenye kibandiko cha pampu, ikaja historia yake yote: nani aliifungua mara ya mwisho, alibadilisha beringi gani, boliti zikazwe kwa nguvu kiasi gani na ianze ipi. Spea ipo stoo, rafu imeandikwa namba. Dakika arobaini na tano, pampu imerudi kazini.

Wewe je? Unakumbuka ile injini ya jirani iliyokufa katikati ya giza, zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa hufuata taa? Ulizunguka mtaa wote wa Mwanga kutafuta oili sili, ule mpira wa kuzuia oili isivuje, ukaagiza Dar, ikaja siyo saizi. Injini hiyo hiyo ilishafunguliwa na mafundi wengine wawili, hakuna aliyeandika alichokuta, ukaanza upya. Boti ililala ufukweni, wavuvi wakakaa, na ilipopona mbalamwezi ilikuwa imeshatanda, dagaa hawafuati taa. Ulitoka jasho kuliko mimi Jumanne. Lakini mwenye boti angekulipa kutoka wapi, wakati boti haikuleta hata ndoo moja?

Hapo ndipo penye tofauti, na sehemu kubwa yake haionekani kwa macho. Watu wakisema uwekezaji wanafikiria mitambo na majengo. Ila kile kibandiko hakina thamani bila programu iliyo nyuma yake, na miaka ya watu kuandika kila walichogusa, na fedha mwajiri aliyotoa kunifundisha. Watafiti wa uchumi walilijaribu hili kwenye viwanda vya nguo India, matokeo yakachapishwa 2013. Hawakupeleka mashine mpya. Walipeleka washauri wa kufundisha utaratibu: kuandika mashine imeharibika lini na kwa nini, kupanga stoo, kukagua ubora. Mwaka wa kwanza tija, yaani kinachozalishwa kwa nguvu na vifaa vile vile, ilipanda kwa asilimia 17. Hata meli yetu ya Liemba iliundwa Papenburg, huku huku kaskazini, mwaka 1913, ikaja Kigoma vipande vipande kwenye makasha. Bila michoro na watu wa kuisoma, yale makasha yangebaki chuma chakavu.

Lakini si kila mwenye mshahara mkubwa hapa amekuzidi kitu. Kinyozi wangu ana mashine kama ya kinyozi wa Ujiji, na kichwa kimoja kinamchukua dakika zile zile. Analipwa mara nyingi zaidi kwa sababu mwenye saluni akimpunja, atahamia kiwandani. Tija ya kiwanda inamwinua na yeye. Mwanauchumi William Baumol wa Marekani alilieleza jambo hili tangu miaka ya 1960. Kwa hiyo mtu asikuambie sisi ni maskini kwa uvivu. Neno hilo linanichoma, hasa likitoka vinywani mwetu wenyewe.

Na tija peke yake haijazi mfuko. Hapa chama cha wafanyakazi kinakaa mezani na waajiri, vinginevyo faida ingeishia juu. Nacho ninachopata hakifiki chote mkononi: pensheni peke yake inakata asilimia 9.3, bado bima ya afya, bado kodi ya serikali na ya chumba.

Turudi kwenye shamba. Ile miche ya michikichi aina ya Tenera aliyopanda mama ina miaka ya watafiti ndani yake: wamechavusha aina mbili za michikichi, Dura kwa Pisifera, wakapata chikichi chenye nyama nyingi na ganda jembamba. Kituo cha utafiti cha Kihinga hapo hapo Kigoma wanaizalisha. Mama akichemsha na kukamua, jasho ni lile lile, mawese ni mengi zaidi. Ujuzi wa watu wengine umeshaota kwenye udongo wetu, wewe uuuze uje kupanga maboksi? Hapana. Hilo nakataa.

Ukitaka kuja, njoo na cheti na Kijerumani cha kuanzia, nauli nitatoa mimi. Kwa sasa kuna mtu anashuka Kigoma, amebeba spana ya kupimia mkazo wa boliti, ni yako. Nimetuma pia hela ya kaunta buku mbili, na ya oili sili za zile injini tatu zinazokuja kwako mara kwa mara. Andika kila injini: ya nani, imefunguliwa lini, nini kilikufa, umeweka nini. Giza linaanza wiki ijayo. Nitumie picha ya ukurasa wa kwanza.