Bomba la hewa linapofungwa na barafu

Yaya, umeuliza kwa nini choo cha mdogo wako huko Montréal kinakoroma kila baridi ikikaza. Hapa Bukavu tungefukua mtaro. Yeye aanze kutazama paani, linakotokea bomba la hewa, lile linalopitisha hewa kwenye mabomba ya maji machafu. Hewa ya maji machafu ina joto na unyevu. Ikikutana na baridi, mvuke unaganda mdomoni mwa bomba, tabaka juu ya tabaka, mpaka libaki tundu la kidole, kisha nalo linafungika. Hapo hewa haiingii tena, na maji yakishuka yananyonya yale ya kwenye sifoni, ule mkunjo wa bomba unaobaki na maji ili kuzuia harufu, na harufu inapanda ndani. Bomba jembamba ndilo huziba upesi. Litanuliwe lifike milimita 75 au zaidi, upanuzi uanzie ndani, angalau sentimita 30 chini ya paa. Tafadhali, asipande mwenyewe kwenye theluji, aite fundi.