Kuchunguza ndege wa bahari Uingereza: jibu la wazi kwa mnaouliza kutoka nyumbani

Swali mnalonitumia ni lile lile, liwe limetoka Morogoro, Eldoret au Unguja. Mtu amemaliza shahada ya wanyamapori au ya sayansi ya bahari, ameona picha za watafiti wameshika ndege juu ya majabali ya Uskoti, naye anataka kujua kazi hiyo inapatikanaje na kama inalisha. Inalisha kwa kubana, na mlango wake si ule unaobishwa na wengi. Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu ukishaielewa utaona kwa nini mlango umewekwa pale.

Ndege wa bahari wa huku huja nchi kavu kuzaa tu. Msimu unaanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Julai au Agosti, kwenye visiwa kama Isle of May huko Uskoti na Skomer huko Wales. Miezi mingine yote ni meza na kompyuta. Anayependa ndege lakini hapendi takwimu atateseka katika kazi hii.

Chukua kuhesabu, jambo linaloonekana jepesi. Kitiweki, yule shakwe mdogo wa bahari kuu, hujenga kiota cha matope na majani kwenye ukuta wa jabali, kwa hiyo unahesabu viota. Gilemoti, ndege wa bahari mweusi mwenye tumbo jeupe, hajengi kitu. Hutaga yai moja juu ya mwamba mtupu, wamebanana bega kwa bega, kwa hiyo unahesabu ndege mmoja mmoja. Kwa kuwa idadi yao hupanda na kushuka kutwa nzima, hesabu hufanywa kati ya tarehe 1 na 21 Juni, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, bila mvua, ukungu wala upepo mkali. Kipande kile kile cha jabali hurudiwa siku tofauti, angalau mara tano. Ukihesabu nje ya saa hizo, takwimu zako haziwezi kulinganishwa na za miaka iliyotangulia, na thamani yote ya kazi hii imo katika kulinganisha. Utafiti wa gilemoti wa Skomer umeendelea tangu 1972. Anayeingia leo amekabidhiwa mnyororo na hana ruhusa ya kuukata.

Kupima uzazi kunahitaji subira zaidi. Unapiga picha ya jabali, unaipa kila sehemu yenye yai namba, kisha unakaa na darubini ya miguu mitatu kila siku au kila baada ya siku moja, ukiandika: yai, kinda, hakuna kitu. Kinda wa gilemoti hujirusha kutoka jabalini hadi baharini akiwa na wiki tatu hivi, kabla hajaweza kupaa. Akitoweka akiwa na siku 15 au zaidi, anahesabiwa kuwa amefaulu. Akitoweka kabla, amekufa. Sasa fikiria umekosa siku nne kwa sababu ya mafua au uvivu. Hujui alitoweka lini, na huyo kinda hana tena nafasi kwenye hesabu.

Kushika ndege ndiko kunakoonekana kwenye picha, na ndiko kunakohitaji kibali. Huwezi kumvisha ndege pete, ile ya mguuni yenye namba ya kumtambua, Uingereza bila leseni ya BTO, shirika la utafiti wa ndege la huku, nayo haipatikani kwa mtihani wa karatasi. Unafundishwa chini ya mkufunzi mwenye kibali, kwa kawaida mwaka mmoja hadi miwili, mpaka aseme mikono yako ni salama. Gilemoti ananaswa kwa ufito mrefu wenye kitanzi nchani, unaopenyezwa polepole hadi mguuni. Pafini, ndege wa bahari anayezaa kwenye mashimo ardhini, hutolewa shimoni kwa mkono. Ndege akishapatikana huingia kwenye mfuko wa kitambaa, anapimwa kwa mizani ya springi, uzito wa mfuko unatolewa, bawa linapimwa kwa rula yenye kizuizi, pete inavishwa. Lengo ni kumaliza ndani ya dakika 10.

Makosa yanayojirudia nayajua kwa majina. Pete isiyofungwa vizuri huacha mwanya unaonasa uzi wa kuvulia. Ikibanwa kupita kiasi, ncha zake hupandana na kumkata mguu. Pete ya alumini kwa gilemoti husagika juu ya mwamba mpaka namba hazisomeki, ndiyo maana hutumika chuma kigumu. Namba husomwa, mwandishi huirudia kwa sauti, kisha husomwa tena, kwa kuwa 1 na 7 zimeharibu rekodi nyingi. La hatari kuliko yote ni ganeti, ndege wa kilo tatu mwenye mdomo kama mkuki. Mgeni hutaka kumfunga mdomo kwa utepe ili asijeruhi mtu. Ganeti hana tundu za pua kwa nje, hupumua kupitia pembe za mdomo. Ukimfunga unamuua.

Vifaa vya kufuatilia safari zao baharini vina kanuni ya uzito. Wengi hufuata kikomo cha asilimia 3 ya uzito wa ndege. Gilemoti wa gramu 900 anabeba gramu 27, lakini kitiweki wa gramu 400 habebi zaidi ya 12, na betri ndogo maana yake ni siku chache za data. Kifaa cha GPS hubandikwa kwenye manyoya ya mgongo kwa vipande vya utepe usioingia maji. Manyoya yakiwa na unyevu, kifaa kitakuwa chini ya bahari kabla ya jioni. Mchague mzazi mwenye kinda, usimguse anayeatamia: ukimtimua ghafla, yai linaweza kubingirika au shakwe akalibeba. Na kumbuka kwamba aina nyingi za vifaa hazitumi chochote hewani, ni lazima umkamate ndege yule yule tena, naye sasa anaujua ufito wako.

Tangu mafua ya ndege ya H5N1 yalipoyapiga makundi haya mwaka 2022, utaratibu umekuwa mzito zaidi. Kuna glavu, barakoa, na viatu vinavyooshwa kwa dawa kabla na baada ya kila kisiwa. Ganeti kadhaa walionusurika macho yao ya buluu yaligeuka meusi. Ni ugonjwa wa kuheshimu, na wewe ndiye unayeweza kuupeleka kisiwa cha pili.

Maisha ya kisiwani nayo muyajue. Hakuna duka. Chakula unabeba cha siku zaidi ya ulizopanga, kwa sababu mawimbi yakichafuka boti haiji. Kupe wapo, harufu ya mavi ya ndege haitoki kwenye nguo, na ndege aitwaye fulma hukutemea mafuta yenye uvundo kutoka tumboni. Juni huko Uskoti jua huchomoza karibu saa kumi na nusu alfajiri na kutua karibu saa nne usiku, na zamu za kuangalia makinda wakilishwa hufuata mwanga huo. Waislamu, ulizeni mapema msikiti wa mji wenu utaratibu wa Isha na Alfajiri kwa miezi hiyo, na nyama ya halali mwende nayo wenyewe.

Sasa pesa na karatasi, mahali ambapo wengi hudanganyana. Vijana wa huku huingia kwa kujitolea msimu mmoja au miwili, wakilazwa bure na kupewa chakula, kisha hupata ajira ya msimu yenye malipo yasiyozidi sana kima cha chini cha kisheria, ambacho kwa mwaka 2025/26 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Wewe njia hiyo haikufai. Viza ya ujuzi tangu Julai 2025 hudai kwa kawaida mshahara wa pauni 41,700 kwa mwaka, na hakuna kazi ya msimu kisiwani inayoukaribia. Wenye PhD ya sayansi inayohusiana na kazi hupunguziwa kiwango hicho. Shahada ya uzamili ya kujilipia nayo ni mtego: ada ya mgeni mara nyingi hupita pauni 20,000, viza ya mwanafunzi inakuruhusu kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, na tangu Januari 2024 anayesoma uzamili wa darasani haruhusiwi kuja na mume, mke au watoto. Wa PhD anaruhusiwa.

Kwa hiyo mlango ni PhD yenye ufadhili. Posho ya UKRI, taasisi ya umma ya Uingereza inayofadhili utafiti, kwa 2025/26 ilikuwa pauni 20,780 kwa mwaka, na haikatwi kodi. Nafasi za wageni hazizidi asilimia 30 ya kila kundi, ushindani ni mkali. Kabla hujafurahia barua, uliza chuo kama kinalipa viza na ada ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo, inayodaiwa yote kwa mkupuo kabla hujapanda ndege. Ukiwa na wadogo zako unaowasomesha, waambie wazi kwamba posho hii inatosha mtu mmoja na kidogo cha kutuma, tena si kila mwezi.

Kinachowapa watu wetu nafasi ni ujuzi uliokusanywa nyumbani. Kenya ina mafunzo halisi ya kuvisha ndege pete: Ngulia, Tsavo Magharibi, kazi hiyo imefanywa tangu 1969 kila mwisho wa mwaka ndege wahamaji wanapopita usiku, na A Rocha Kenya huwashika ndege wa pwani pale Mida Creek. Hao si ndege wa bahari, lakini mikono ni ile ile. Weka daftari la kila ndege uliyemshika, aina, umri, jina la mkufunzi. Jifunze R, programu ya kompyuta ya takwimu, mpaka uweze kukadiria uwezekano wa ndege kuishi kutoka mwaka hadi mwaka kwa data za pete, bila kubonyeza kwa kubahatisha. Tena usidharau maji ya kwetu. Buabua, ndege wa bahari wa kwetu, huzalia visiwa vya Kiunga nchini Kenya, na Fungu Kizimkazi, kusini-mashariki ya Unguja, kina makundi ambayo yanastahili kuhesabiwa kwa utaratibu ule ule wa huku. Ukiwa na vibali vya utafiti vya COSTECH na TAWIRI kwa Tanzania, au NACOSTI na KWS kwa Kenya, hesabu safi ya misimu miwili itazungumza kwa niaba yako kuliko barua tatu za sifa.

Matangazo ya PhD hutoka Oktoba hadi Desemba, na mengi hufungwa mapema Januari. Mwandikie msimamizi Septemba. Ukurasa mmoja: swali moja la utafiti, data uliyoshika mwenyewe, msimbo wako wa R kama kiambatisho. Usiandike kwamba unapenda ndege tangu utotoni, kila mwombaji ameandika hivyo. Cheti cha kipimo cha kifua kikuu, kinachodaiwa kwa Watanzania na Wakenya wanaokuja zaidi ya miezi sita, hudumu miezi sita tu, hivyo usikichukue kabla chuo hakijakupa nafasi.