Propani imekudanganya, mkuu

Mkuu, umesema umechoma gramu 22 za gesi ya propani, ukazidisha kwa ile 3 ya kwenye mlinganyo, ukapata gramu 66 za kaboni dioksaidi na kitabu kikakubali. Ukazidisha kwa 4 upate maji, ikaja 88, kitabu kinasema 36. Kitabu kiko sawa. Hata hiyo 66 umeipata kwa bahati tu.

Bahati hiyo ilinitesa muhula mzima. Swali langu la kwanza lilikuwa la kuchagua, propani hiyohiyo. Nikazidisha gramu kwa 3, nikapata, nikajiona fundi. Jaribio lililofuata likaja na methani gramu 16. Uwiano ni 1 kwa 1, nikaandika kaboni dioksaidi gramu 16. Jibu ni 44. Nilibishana na mwalimu hadi akachoka!

Tazama mlinganyo uliosawazishwa:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Namba za mbele zinahesabu molekuli, gramu hazizijui. Sasa piga uzito wa moli moja, yaani fungu lenye idadi ileile ya molekuli kwa kila kitu, kwa gramu (kaboni ni 12, hidrojeni 1, oksijeni 16). Propani: 3×12 + 8×1 = 44. Kaboni dioksaidi: 12 + 2×16 = 44. Umeuona mtego? Zina uzito sawa, ndiyo maana njia mbovu ikatoa jibu zuri. Maji ni 18, hapo ndipo ulipoumbuka.

Kwa hiyo toka kwenye gramu kwanza: 22 ÷ 44 = moli 0.5 za propani. Kaboni dioksaidi ni mara 3, moli 1.5, sawa na gramu 66. Maji ni mara 4, moli 2, ukizidisha kwa 18 unapata 36.

Mimi siku hizi siweki kalamu chini bila kupima pande zote mbili. Oksijeni iliyotumika ni moli 2.5, yaani gramu 80. Zimeingia 22 + 80 = 102, zimetoka 66 + 36 = 102. Kwa majibu yako zingetoka 154. Hizo 52 za ziada zimetoka wapi?

Ukipewa oksijeni gramu 40 tu, yenyewe ndiyo inayoamua: moli 1.25 zinachoma moli 0.25 za propani, maji yanakuwa gramu 18, na propani gramu 11 inabaki. (Hiyo ni ya kwenye karatasi. Kwenye moto wenyewe, oksijeni ikipungua unapata kaboni monoksaidi na masizi.)

Jaribu butani, C₄H₁₀, gramu 29, oksijeni ya kutosha. Lete majibu tuyaone.