Mwalimu wa uandishi wa kisheria Marekani hana PhD: je, nimepangiwa mwalimu wa daraja la pili?

SWALI: Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Mwanza. Nimepata nafasi ya kusoma LL.M. (shahada ya uzamili ya sheria) Marekani na baadaye nafikiria kufanya mtihani wa uwakili wa New York. Nilipopekua tovuti ya chuo niliona walimu wa katiba na mikataba wametoka Yale na Harvard, wengine wana PhD. Lakini mwalimu wa somo la uandishi wa kisheria ana JD tu (shahada ya sheria ya Marekani, inayosomwa baada ya shahada ya kwanza) ya chuo cha jimbo, shahada yake ya kwanza ni fasihi ya Kiingereza, na kabla ya kufundisha alikuwa mwendesha mashtaka kwa miaka mingi. Naye anaitwa profesa! Watu hawa hutoka wapi, na kuna cha maana nitakachopata kwake?

JIBU: Wakili msomi, hiyo PhD iweke pembeni kwanza. Katika vitivo vya sheria vya Marekani, JD ndiyo shahada ya kufundishia. Wenye PhD wameongezeka miaka ya karibuni, hasa kwenye vyuo vinavyotajwa sana, lakini hata huko wapo maprofesa wakubwa wasio nayo. Na cheo chenyewe hakipatikani kama kwetu, ambako mtu hupanda kutoka mhadhiri msaidizi, machapisho mkononi, hadi aitwe profesa akiwa na mvi. Kule mwalimu wa kudumu wa sheria huitwa profesa tangu siku ya kwanza.

Tofauti uliyoiona ipo kweli, na ina historia. Christopher Columbus Langdell alipokuwa mkuu wa kitivo cha sheria Harvard kuanzia 1870, alileta ufundishaji kwa kuchambua hukumu, na mwaka 1873 kitivo kikamwajiri James Barr Ames, kijana aliyetoka darasani juzi, ambaye hakuwahi kufanya kazi ya uwakili. Tangu hapo vyuo vikubwa vikazoea kuajiri akili kali yenye maandiko, hata kama mwenyewe hajawahi kumhoji shahidi. Njia ya kawaida ya mwalimu wa mikataba ni chuo kikubwa, mwaka mmoja au miwili akiwa msaidizi wa sheria wa jaji, ofisi ya mawakili kwa muda mfupi, kisha makala ndefu zenye tanbihi mia tatu.

Uandishi nao ulionekana ni kazi ya kumpa yeyote: mhitimu mpya, mkutubi, hata mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Walimu walioajiriwa kwa kazi hiyo hasa walianza kuonekana kwa wingi kuelekea miaka ya 1980, na mwaka 1984 wakaanzisha chama chao, Legal Writing Institute. Mwaka 1992 ikatoka Ripoti ya MacCrate ya Chama cha Mawakili cha Marekani, iliyovibana vyuo vifundishe stadi za kazi, uandishi ukiwemo. Leo kanuni za chama hicho zinamtaka kila mwanafunzi wa JD apate somo la uandishi mwaka wa kwanza na jingine baada ya hapo.

Kwa hiyo waliofundisha somo hili wamekuja kwa milango yao. Wengi walikaa kazini miaka mingi kuliko wenzao wa katiba: waendesha mashtaka, mawakili wa rufaa, mawakili wanaolipwa na serikali kutetea wasio na uwezo, watu wa ofisi kubwa waliochoka kuhesabu saa za kumtoza mteja. Wengine walikuwa wasaidizi wa sheria wa majaji, si kwa mwaka mmoja bali kama ajira kamili. Wapo waliokuwa waandishi wa habari au walimu wa lugha kabla ya kusoma sheria, kwa hiyo hiyo fasihi ya Kiingereza wala isikushangaze. Na kuna kundi tofauti kabisa: vijana wa programu kama Bigelow pale Chuo Kikuu cha Chicago au Climenko pale Harvard. Hawa hufundisha uandishi kwa muda huku wakiandika makala za kuombea kazi ya uprofesa wa masomo mengine. Wana akili sana, ila uandishi kwao ni kituo cha njiani.

Kuhusu daraja la pili: kiajira, ndiyo, mara nyingi wamewekwa huko. Kwa miaka mingi kanuni namba 405 ya Chama cha Mawakili cha Marekani imewapa walimu wa uandishi ulinzi hafifu kuliko wa wenzao, na vyuo vingi vimewaweka kwenye mikataba mifupi kwa mshahara mdogo. Zaidi ya theluthi mbili yao ni wanawake, na sidhani kama ni bahati mbaya tu kwamba somo lenye wanawake wengi ndilo lenye mikataba mibovu. Vipo vyuo vilivyowapa ajira ya kudumu sawa na wengine. Lakini mkataba wa mtu haukuambii anasahihishaje.

Na kusahihisha ndiko kutakakokukuta. Tuseme umepewa kuandika memo, yaani waraka wa ndani wa kuchambua shauri: mteja ameteleza kwenye maji ndani ya duka kubwa. Ukiwa umefunzwa kwetu, utaanza na kesi ya Uingereza ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya 1932, aya nzima juu ya wajibu wa uangalifu. Mtu aliyesoma hoja za mawakili akiwa ofisini kwa jaji ataandika pembeni: "Nani aliuliza haya?" Ukurasa wa pili umeandika "ni dhahiri kwamba duka lilizembea." Atazungushia "ni dhahiri" na kuuliza: "Kwa ushahidi upi?" Halafu atakuonyesha kwamba kwenye kesi za namna hii mahakama nyingi za kule hutaka kujua maji yalikaa sakafuni muda gani, yaani kama duka lilikuwa na nafasi ya kuyaona. Wewe hilo ulilitaja kwa kupita, ukurasa wa nne. Atataka jibu fupi likae juu kabisa, kabla hata ya maelezo ya shauri, jambo ambalo sisi tuliozoea kupanda mlima taratibu hadi "kwa hayo yote, tunaomba" hutuuma kidogo.

Mwendesha mashtaka wa zamani analijua hilo mifupani, kwa sababu aliandikia watu wasio na muda wa kumsoma. Kwa somo hili mimi ningemchukua huyo kabla ya mwenye tasnifu.

Ninachokuonya ni kitu kingine. Masomo ya uandishi ya LL.M. mara nyingi huachiwa walimu wa muda wanaokuja jioni wakitoka ofisini. Wapo wazuri sana, ila wengine hawana nafasi ya kukaa na mwanafunzi. Kabla hujalipa ada, andikia ofisi ya LL.M. uulize: darasa lina watu wangapi, mwalimu anasoma rasimu ngapi kabla ya kutoa alama, na kuna kikao cha ana kwa ana juu ya kazi yako? Wakikujibu kwamba alama hutolewa kwa karatasi moja mwisho wa muhula, tafuta somo jingine.

Kwa New York, somo hili si la hiari. Kanuni ya 520.6 ya Mahakama ya Rufaa ya jimbo hilo inamtaka mwenye LL.M. anayeombea mtihani kwa njia hiyo awe na jumla ya krediti 24, na angalau 2 ziwe za utafiti, uandishi na uchambuzi wa kisheria. Karatasi ndefu utakayoandika kwenye somo la biashara ya kimataifa haihesabiki hapo. Wakuthibitishie kwa maandishi kwamba somo la huyo mwendesha mashtaka linatimiza sharti hilo, na barua uitunze. Vilevile tuma mapema nyaraka za shahada yako ya Tanzania kwa bodi inayosimamia mtihani wa uwakili wa New York (Board of Law Examiners) wazipitie. Hatua hiyo huchukua miezi.